Jozi ya Kumi na Mbili

...na bado inatetemeka, wowowo, vidole viwili vya binti viko palepale kwenye vitufe vya piano na jozi ya mwisho ya sauti inabweka ukumbi mzima, jamani, kumi na moja zimetulia tuli, iweje hii imgeuke, na mwalimu wa kwaya anafika saa kumi, na baba yuko nyuma yake kwenye benchi, miaka arobaini fundi wa piano, amesema leo hashiki ufunguo wa kukazia nyuzi, leo ni sikio lako, mama, na akiharibu leo ndio basi, nani atamwita tena binti wa fundi... akaze pini hii, ailegeze, hapana, kosa haliko hapa, kosa liko... loo, mjinga wee, baba alimwambia tangu siku ya kwanza, kila jozi uinyime usafi kidogo, iache itetemeke polepole, ukizisafisha zote, ya mwisho ndiyo itabeba upungufu wa zote, naye kwa kiherehere chake asubuhi hii kazisafisha zote, zilikuwa tamu mno, alitaka baba asikie aseme huyu kweli damu yangu... sasa atagomba, bora agombe, gomba basi, "Baba, umeisikia hii?" na anakandamiza kwa nguvu, wowowo, hata mfagiaji mlangoni ameacha kufagia, amekunja uso, na baba anaitikia kwa kichwa, anatabasamu, "Safi, mama. Safi kabisa."

Safi? anatania, baba huyu na utani wake, lakini macho hayatanii, macho hayako kwenye piano, yako mabegani mwake, yanamsoma yeye, kama yalivyokuwa yakitazama midomo ya watu mezani, na ile redio yake iliyotaka kupasua ukuta, wakasema mzee kawa mkaidi siku hizi, na kile kiganja anachokibandika kwenye mbao za piano kila akifanya kazi, mazoea tu, alisema, mazoea... ee Mungu wangu, tangu lini husikii, baba, na ulikaa nalo peke yako, na mimi nangoja unikosoe, hakuna tena wa kumkosoa, humu ndani hakuna sikio jingine, anaogopa, na vidole bado viko palepale, jozi bado inabweka, anageuza uso wote, taratibu, ili baba ayaone maneno midomoni, "Bado, baba. Naanza upya."