Banza, Mbeba Maneno

Mvua za mwaka ule zilikuja na hasira, na samaki wa Kashikishi, upande wa Zambia wa ziwa, wakagoma kukauka. Chisense ni samaki mdogo, hapiti kidole. Jua likimpiga tangu asubuhi, jioni anaingia guniani. Jua likikataa, kesho yake ananuka, na nzi wanamjia kama walioalikwa harusini. Ndipo Banza, msimamizi wa uwanja wa kukaushia, alipoleta pompi ya kubeba mgongoni na dawa ya kuua wadudu wa pamba. Akasema ni ya nzi tu, jua likirudi harufu itaisha.

Pompi akampa Aurélie.

Aurélie alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wa Germaine, mmoja wa wanawake wa kugeuza samaki. Vita vilipowafukuza Pweto, kule ng'ambo, Germaine alivuka naye ziwa, Aurélie bado msichana wa kutumwa maji, akamlea katika kambi ya wakimbizi, akamtafutia kazi hapo hapo kando yake. Sasa msichana yule alikuwa anatembea katikati ya nyavu zilizotandikwa juu ya vigingi, pompi mgongoni, akinyunyiza, na wanawake wengine wakifuata nyuma kugeuza samaki. Mwanzoni kichwa kilimuuma. Halafu mate yakaanza kumjaa kinywani, macho yakatoka maji bila kilio, mikono ikatetemeka hata kikombe cha chai kikamshinda. Juzi alianguka katikati ya nyavu. Banza alimtazama, akasema, "Njaa hiyo. Mupatie uji."

Germaine alijua njaa. Alikuwa amekaa nayo nyumba moja. Hii haikuwa njaa.

Basi siku ile ilikuja habari kwamba kampuni inayonunua samaki wao imemtuma mtu kutoka Mansa, mama mmoja anaitwa Madamu Felistus, kuja kuwahimiza wafanyakazi waseme wakiona mabaya kazini. Kabla hata hajafika, karatasi kubwa yenye picha ya sikio ilikuwa imebandikwa ukutani pa ghala.

"Leo nitasema," Germaine alimwambia Joëlle, jirani yake wa kazi, huku wakigeuza samaki.

Joëlle, aliyezoea kumwita shangazi, alicheka puani. "Kwa luga gani, tantine? Kibemba yako ni ya kuuzisha nyanya."

"Kwa Kiswahili. Papa Banza atabeba."

"Banza!" Joëlle aliacha samaki. "Abebe maneno ya kumufunga yeye mwenyewe? We uko muzima?"

"Mubeba maneno anabeba. Haongeze, hapunguze."

Hilo Germaine alilisema bila kupepesa, maana ndivyo alivyokua. Baba yake alikuwa mbeba maneno kwa mfumu, chifu wa kule ng'ambo. Mtu mdogo hasemi na mkubwa uso kwa uso. Anasema na mbeba maneno, na mbeba maneno anainamisha kichwa kidogo, kisha anayapeleka yote kama alivyoyapokea. Hata tusi. Siku moja mtu alimshtaki huyo huyo baba wa Germaine kwamba amekula mbuzi wa watu, na baba akasimama mbele ya mfumu akayabeba maneno yale, herufi kwa herufi, dhidi ya kichwa chake. Halafu ndipo akajitetea. Na huku Zambia, tangu wavuke, Banza ndiye aliyekuwa mdomo wa watu wa kambi: hospitalini, polisi, ofisini. Hakuna aliyewahi kumpata ameiba neno.

"Tantine," Joëlle alisema, sauti imeshuka, "ile ilikuwa kwetu. Kule mubeba akibadirisha neno, batu banamucheka mupaka anakufa. Hapa nani atamucheka?"

Germaine aliinua macho. Angani upande wa ziwa palikuwa peusi, na upepo ulikuwa umekufa kabisa.

Gari lilifika likiwa limepakwa tope hadi madirishani. Madamu Felistus alikuwa mama wa makamo, uso mwema, viatu vyake vya ngozi vikizama mchangani naye asijali. Aliketi kwenye benchi moja na wao, si mezani. Alizungumza Kibemba polepole, na Banza, amesimama kando yake na shati safi, akageuza kwa Kiswahili.

"Madamu anasema: mukiona kitu mubaya ku kazi, museme. Hakuna mutu atafukuzwa. Hakuna mutu atauliziwa kwa nini alisema. Anasema kunyamaza njo kunaharibu kazi kuliko mwizi."

Alibeba vizuri. Hata upole wa mama yule aliuweka kwenye sauti. Germaine alisikiliza, na Kibemba chake kidogo cha sokoni kilimwambia kwamba maneno ni yale yale.

Wanawake walitazama mikono yao. Musonda, Mbemba pekee kati ya wapanga magunia, mtu anayesikia lugha zote mbili, alikuwa anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Aurélie alikuwa ameegemea nguzo, mikono ameificha kwapani.

Germaine akasimama.

"Madamu, minakushukuru kwa kutuita batu," alisema. "Dawa tunamwagia samaki si ya samaki. Ni ya pamba. Mutoto wangu, ule pale, njo anabeba pompi. Mikono yake inatetemeka, juzi alianguka. Minaomba aondolewe ku ile kazi mbele hajafa. Na mwenye kuleta dawa njo huyu anabeba maneno yangu. Papa Banza, minakuomba ubebe yote. Hata hii."

Wanawake wakamgeukia Banza. Banza alimtazama, na usoni mwake hapakuwa na hasira hata tone. Akainamisha kichwa kidogo, vile vile kama baba yake Germaine alivyokuwa akifanya. Germaine alipoona kile kichwa kinainama, aliketi, amefarijika.

Banza akamgeukia Madamu, akaanza. Kibemba chake kilikimbia. Germaine alikamata "isabi", samaki. Alikamata "imfula", mvua. Alikamata "mahema". Halafu akasikia, wazi kabisa, "Twatotela sana," na hilo kila mtu kando ya ziwa analijua: tunashukuru sana.

Yeye alishukuru mara moja tu, kwa kuitwa. Banza alikuwa anashukuru kwa mambo mengine, ambayo yeye hakuyasema.

Madamu alipiga makofi, uso umemchanua. Alisema neno, na Banza akaligeuza, "Anasema umefanya vizuri kuomba mahema ya kufunika samaki. Atayaleta. Anasema wengine bafuate mufano yako."

Germaine alimtafuta Musonda kwa macho. Musonda aliacha kuchora, akaufuta mchanga kwa unyayo.

"Na kwa sababu mama Germaine amefungua kinywa," Banza aliendelea kwa furaha, "zawadi atatoa yeye."

Mgeni hatoki Kashikishi mikono mitupu. Samaki walikuwa tayari ndani ya mfuko wa plastiki, weupe, wazuri, hawana nzi hata mmoja. Ni wa jana. Germaine alimwona Aurélie jana akipita juu yao na pompi.

Akapiga magoti na mfuko mikononi, kama inavyotakiwa. Madamu akainama kupokea. Germaine hakuachia. Madamu akavuta kidogo, akacheka. Wanawake nao wakacheka, kicheko kikavu. Germaine akalitafuta neno, akalipata, neno ambalo akina mama wa Kibemba huwaambia watoto wao sokoni.

"Mwilalya," alisema. Msile. "Mayo, mwilalya." Mama, msile.

Kicheko cha Madamu kikakatika. Akamgeukia Banza na swali. Banza alitikisa kichwa kwa huruma, akagusa paji la uso, akasema mambo marefu, na katikati yake Germaine akasikia vita vikitajwa, na jina la mji wake.

Madamu alimtazama Germaine, kisha Banza. Halafu akafungua mfuko, akatoa samaki mmoja kwa ncha za vidole, akamnyooshea Banza.

Hilo halikuhitaji wa kuligeuza.

Banza alimpokea samaki. Kwa mara ya kwanza Germaine aliona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Lakini alitabasamu, akamweka kinywani na kichwa chake na mkia, akatafuna polepole kama mtu anayeonja chakula cha harusi ya mwanawe, akameza. Akafungua kinywa kuonyesha kuwa samaki amekwisha.

Madamu alishusha pumzi. Alimshika Germaine begani kwa upole, upole wa kweli, ule wa kumshika mgonjwa, akamwambia jambo la kumfariji. Mfuko ukaingia garini, ukawekwa kwenye kiti cha mbele. Gari likayumba topeni, likapanda barabara ya Mansa.

Banza alilipungia mkono hadi lilipopotea. Kisha akatembea hadi kwenye bomba la maji, hakukimbia, akasukutua, akatema, akasukutua tena. Akaingiza vidole kooni na kutapika pale pale, mbele ya watu wote, bila kujificha, kama mtu aliye chumbani kwake.

"Samaki moja haiue mutu," alisema akijipangusa.

"Basi unatapikia nini?" Joëlle alinong'ona. Banza akageuza shingo, na Joëlle akainamia samaki wake.

Akamjia Germaine. Alisimama karibu kiasi cha Germaine kunusa uchungu wa matapishi kwenye pumzi yake.

"Nilisikia yote, mama. Hakuna hata neno moja ilinipita. Uliomba mutoto aondolewe. Bon, sawa. Ameondolewa. Pompi utabeba wewe."

"Papa Banza, baba yangu alikuwa..."

"Najua kile baba yako alikuwa. Hapa si kwa mfumu." Hakuinua sauti. "Na ukipenda kusema tena, sema. Kambini, bakubwa bakitaka kujua nani muzuri na nani mubaya, mimi njo banaulizaka. Siku ile utatafuta mubeba mwingine."

Aurélie alikuwa ameshakuja, amemshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. "Tantine, acha. Nitabeba mimi. Nimeshazoea."

"Umezoea kufa?" Germaine alimgeuza, akamfunga vizuri kitambaa cha kichwa kana kwamba anampeleka kanisani. "Enda Kafutuma, kwa kliniki. Enda sasa, mbele mvua haijanyesha. Usitaje jina ya mutu. Taja jina ya dawa."

"Na wewe?"

"Mi nimeomba kitu, nimepewa. Enda."

Msichana alisita. Banza alimtazama, akapisha kidogo, kama muungwana. Aurélie akapita katikati ya nyavu, akikohoa, akatoka kwenye lango, na Musonda aliyekuwa hapo akamfungulia bila kuinua macho.

Germaine akainua pompi. Ilikuwa nzito kuliko alivyofikiria. Mahali fulani palikuwa panavuja, na alipokaza mikanda mabegani alihisi ubaridi ukiteremka kwenye uti wa mgongo, taratibu, ukitafuta njia ndani ya nguo. Upepo ulikuwa umeamka. Ulitoka ziwani, ukimpiga usoni.

"Anza na nyavu za juu," Banza alisema.

Akavuta pumzi ndefu, akaizuia, akabonyeza mkono wa pompi.