Goli Lilianzia kwa Matar

Tunu hakuwa mtu wa kukurupuka. Alipomwambia mumewe wauze dishi na king'amuzi, wanunue kiboksi cha intaneti, alikuwa ameshapiga hesabu zake akalala usingizi mtamu. Kifurushi cha kila mwezi kilikuwa kinawanyonya damu, na kibanda umiza chao cha kuonyeshea mpira na sinema pale Keko ndicho kilichowalisha tangu Mwinjuma alipoanguka akiezeka paa la watu akavunjika nyonga. Mwinjuma alisita.

"Mke wangu, hivyo vitu vya mtandao mie sivielewi."

"Kama huvielewi, niachie mie."

Haya, akaachiwa.

Kiboksi kikaja, kidogo, kinaingia mfukoni. Wiki ya kwanza ilikuwa ya sinema, watu wakasifu picha ilivyong'aa. Bando lilikuwa linaliwa, tena linaliwa haswa, lakini Tunu akajipa moyo kwamba mechi ya watani wa jadi itafidia yote. Na siku ya mechi, loo! Mafundi seremala wa barabara nzima walifunga kazi mapema, wakaja na vumbi la mbao kwenye nywele. Mabenchi yakajaa, wengine wakasimama. Mwinjuma, gongo kwapani, alikaa mlangoni akipokea viingilio na kutaniana na kila aliyeingia.

Mpira ulikuwa katikati ya uwanja, wachezaji wanapasiana taratibu, mara ng'ambo ya barabara, dukani kwa Matar, zikalipuka kelele: "Goliii!" Matar ana televisheni juu ya friji la soda, na king'amuzi cha siku nyingi, wateja wake huangalia wamesimama. Ndani ya kibanda vichwa vyote viligeukia mlangoni, kisha vikarudi kwenye skrini. Mpira bado uko katikati. Wakasubiri. Baadaye sana ndipo winga akachomoka, akamimina krosi, goli likafungwa mbele ya watu waliokwisha kulijua. Hakuna aliyeruka.

"Dada Tunu," akauliza Erasmus, fundi wa makabati, "hii mechi ya leo au ya jana?"

Wakacheka. Tunu naye akacheka, angefanyaje? Hakuna aliyemwambia kwamba picha ya mtandao huja inachechemea nyuma ya ile ya king'amuzi, na kwenye sinema nani angejua? Akazima, akawasha. Akakisogeza kiboksi dirishani. Wapi! Kila shambulizi lilianzia kwa Matar, na kila mara wanaume wazima wakawa wanatazama jambo lililokwisha.

Wakati wa mapumziko walitoka kama wanaokwenda kununua maji, wakaishia kwa Matar. Wengine wakadai kiingilio chao kabisa, na Mwinjuma akawarudishia mmoja mmoja bila kubishana. Tunu alisubiri amgeukie amwambie, "Si nilikwambia?" Lakini kibanda kilipobaki karibu kitupu Mwinjuma alishika gongo lake, akavuka barabara pole pole, akaenda kusimama na wenzake kwa Matar.

Aliyebaki ni Mzee Revelian, seremala mstaafu ambaye masikio yake yaliharibiwa na mashine za kuranda. Yeye hakusikia kitu chochote cha ng'ambo. Alikuwa amekaa benchi la mbele peke yake, anafurahia mechi yake, na kila pasi ilimnyanyua kitini.

Karibu na mwisho ikapigwa filimbi ya penalti. Kwenye skrini mpigaji alikuwa bado anauweka mpira chini wakati kwa Matar palipopasuka: "Kadakaaa!" Katika kelele zile Tunu aliitambua sauti ya mumewe. Ilikuwa juu kuliko zote, ya furaha, sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu ajali. Akashika ukingo wa benchi, machozi yakimlenga.

Mzee Revelian aligeuka, viganja amevibana kifuani.

"Mwanangu, atafunga huyu?"

Tunu akamsogelea sikioni ili asikie.

"Sijui, baba," akasema. "Tuangalie."