Sekunde Kumi na Moja za Kitinda

Mama alinikabidhi kanda tano za video ndani ya foronya, akaniambia nizitunze kama mboni ya jicho. Deki ya nyumbani ilikuwa imekufa miaka ishirini na miwili nyuma, na tangu hapo hakuna aliyezitazama. Mwezi huo nilikuwa nimewachomekea wazazi kisanduku kidogo kwenye runinga, kinachovuta picha kutoka kwenye kompyuta kwa waifai. Mama alipoona arusi ya binamu yangu ikitokea pale sebuleni, aliuliza swali moja tu: "Na za Kitinda zinaweza?"

Kitinda alikuwa mdogo wetu wa mwisho. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa siku tatu, akiwa na miaka sita.

Niliazima deki kwa fundi redio, nikaiunganisha na kompyuta yangu. Kazi yenyewe haitaki ujanja, inataka subira: kanda ya saa mbili huingia kwa saa mbili, hata ukiinunia. Faili za kwanza kisanduku kilizikataa. Runinga ilitoa sauti bila picha. Nikazigeuza upya kwa mfumo mwingine, zikakubali. Kanda nne zikapita salama: shangazi akicheza, baba akiosha lori lake, mimi nikilia bila sababu ya maana.

Ya tano ilikuwa na mwandiko wa mama: *Kitinda, siku ya kwanza shuleni.* Kitinda akatoka mlangoni na sare iliyomzidi kimo, akageuka, akasema, "Mama, usinifuate." Sekunde kumi na moja. Kisha picha ikakwaruza, ukaingia mpira wa miguu. Nikaipeleka mbele hadi mwisho. Mpira mtupu.

Nilimpigia baba.

"Baba, kanda ya Kitinda ina mpira."

"Najua. Ni mimi."

"Bahati mbaya?"

"Hapana, mwanangu. Mama yako alikuwa anaiangalia toka asubuhi. Haogi, hali. Nyinyi mnarudi shule hamkuti hata chai. Nikaona nitazika wawili. Nikarekodi juu yake, kisha nikaiharibu deki, nikasema imeungua."

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Mwambie kanda imeingia ukungu."

"Hilo sitalisema, baba."

Jumamosi nilipofika, mama alikuwa ameshaketi mbele ya runinga, amevaa gauni la kutokea. Baba alisimama nyuma ya kiti chake, akashika egemeo kwa mikono miwili, akamweleza yote. Hakujitetea. Mama hakugeuka.

"Hizo sekunde zilizobaki, weka," aliniambia.

Nikaweka. Akataka tena. Mara ya tatu alinishika mkono, akasema nizime.

"Sauti yake nilikuwa nimeshaisahau," alisema, bado anatazama kioo cheusi. "Nikajipa moyo kwamba ipo kabatini. Kila tukihama nyumba naibeba mwenyewe, simpi mtu. Kumbe umenifanya mlinzi wa mpira wako."

"Ningekupoteza, mama watoto."

"Na hukunipoteza?"

Baba aliketi kwenye kistuli karibu na mlango kama mgeni aliyekuja kuomba kitu. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ikaniudhi.

Jioni ile mama alifungasha nguo, akahamia kwa shangazi. Alikaa huko miezi minne. Simu za baba hakupokea. Ujumbe wake alinipa mimi nimsomee, kisha akaniambia niufute.

Baba alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, mama alirudi. Alisema mgonjwa hasusiwi. Sasa anamwosha, anamgeuza ubavu, anampondea vidonge kwenye kijiko. Wanazungumza ya dawa, na ya umeme kukatika. Zaidi ya hapo, kimya.

Juzi nilimkuta mama jikoni, nikamuuliza kama amemsamehe. Akanyanyua ndoo, akasema maji ya kumwogesha yanapoa, nimpishe.