Breki za Fundi Saa

Asubuhi aliyoondoka Fundi Saa, nyumba nzima ilikuwa na ugomvi wa sabuni. Mama alikuwa amekuta kipande kizima kimeachwa ndani ya maji, kimelainika mpaka hakishikiki, akawa anauliza kwa sauti ya kusikika kwa majirani ni nani katika nyumba hii anayedhani sabuni inaota uani. Fundi Saa, ambaye ndiye mkosaji, alichukua funguo za gari mezani, akamkonyeza binti yake, akatoka kwa ncha za vidole. Mama alikuwa bado anafoka gari lilipowaka.

Lilikuwa gari kuukuu, dogo, lililowahi kuwa jeupe. Alilinunua likiwa jipya, enzi ambazo watu walikuwa bado wanaona haya kutupa saa iliyosimama na wanampelekea yeye kibandani kwake aifufue. Lilishuka mteremko wa tangi la maji, likapita njia panda bila kupunguza mwendo, likaenda kujigonga kwenye ukuta wa shule. Halikumgusa mtu. Ukuta ulipoteza matofali kadhaa, gari likapoteza bampa, taa na rejeta. Mwenyewe alikutwa ameegemea usukani, shavu moja limelala juu yake, kama mtu anayesikiliza mlio fulani ndani ya mashine.

Hospitalini daktari, mwanamke mpole aliyekuwa na mafua, aliwavuta mama na binti kando. Akawaambia ni moyo. Ulisimama kabla ya gari kusimama. Hakuuona ukuta, hakuogopa.

"Hakuogopa," Mama akarudia.

Akalikumbatia neno hilo. Msiba wote, kila aliyeingia kutoa pole aliketishwa na kuambiwa kwamba marehemu hakuogopa, daktari kasema kwa kinywa chake, na Mama alikuwa akilia vizuri, kilio cha mtu aliyefiwa bila kudhulumiwa.

Binti aliitwa Mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Alikuwa muuzaji katika duka la dawa, mtu wa maneno machache na mikono safi. Nyuma yake alikuwapo mdogo wake, mwanamume mwenye ndevu zake ambaye nyumbani walikuwa bado wanamwita Kitinda. Kitinda alipendwa, Mkubwa alitegemewa. Hivyo ni vitu viwili, na Mkubwa aliijua tofauti yake tangu akiwa na meno ya utotoni.

Gari lilikuwa limevutwa mpaka kwenye kampuni iliyoliuza, kwa sababu Fundi Saa hakuwahi kulipeleka kwingine. Baada ya maziko wakapiga simu: njooni mseme mnataka tulifanye nini.

"Nataka kuliona," Mama alisema. Wakaenda yeye na Mkubwa.

Mbele palikuwa na vigae vinavyong'aa na magari mapya yaliyoelekezwa mlangoni. Nyuma, upande wa pili wa kioo kikubwa, ndiko kulikokuwa na gereji yenyewe, na mafundi waliovaa ovaroli ambao mteja hakuruhusiwa kuzungumza nao. Aliyezungumza na wateja alikuwa kijana mnene, mwenye tai nyekundu aliyoitupa begani kila alipoinamia injini ambazo hakuzitengeneza yeye. Fundi Saa ndiye aliyembandika jina la Bwana Tai.

"Mama, pole sana," Bwana Tai alisema, akiwavutia viti. "Mzee alikuwa wa kwetu kabisa. Sasa niseme ukweli?"

"Sema, mwanangu."

"Kulitengeneza gari hili ni kumvisha maiti suti." Kisha akakumbuka anazungumza na nani, akakohoa. "Samahani. Nataka kusema limechoka. Ningekuwa mwanao wa kunizaa ningekuambia utuachie hili, tukufikirie kwenye jipya."

"Mume wangu alilipenda."

"Kupenda ni sawa, mama. Lakini breki hazijui mapenzi."

"Breki zina nini?" Mkubwa akauliza.

Bwana Tai akageuka upande wake, na hapo ndipo alipomtambua. Uso wake ukafurahi kama wa mtu aliyekumbuka alikoweka funguo. "Si wewe, dada, uliyelileta sevisi ya mwisho? Ndiye! Mama, tulimwambia huyu. Pedi za mbele zimekwisha, gari lisitoke hapa bila kubadilishwa. Akasema hapana, asante."

Mama hakugeuza kichwa. Alikigeuza baadaye kidogo, polepole.

Bwana Tai alikuwa amezoea kuona mtu akisita, na mtu akisita kazi yake ilikuwa kumsukuma. Akafungua droo, akatoa kipande cha chuma kilicholika mpaka kuwa chembamba kama ukucha, akakiweka mezani. Kikalia.

"Hii ndiyo yenyewe. Tumeitoa jana. Hii inatakiwa kuwa nene hivi, mama, ona. Hapa ni chuma juu ya chuma. Sasa mtu yuko kwenye mteremko, anakanyaga, anakanyaga..." Akaishia hapo, akakung'uta vumbi la chuma vidoleni.

"Hii ilikuwa kwenye gari lake?"

"Ndiyo, mama."

"Nipe."

Akaifunga kwenye leso, akaitia mkobani, akasimama. Kuhusu gari akasema mwanawe wa kiume atakuja kuzungumza nao.

Walifika nje, kwenye kivuli cha bango la matangazo, ndipo aliposema. "Uliambiwa."

"Mama, ni baba aliyeniambia nikatae. Alikuwa na saa ya mtu mkononi, hakutaka kuiacha wazi, akanituma. Akasema, wakikutajia breki, waambie asante. Akasema kwa watu wale breki ni salamu, hawajui kusema habari za asubuhi."

Mdomo wa Mama ulitikisika pembeni. Maneno yale yalikuwa ya mumewe, yana harufu yake, na kwa muda mfupi alikuwa karibu kucheka. Kisha mdomo ukafungwa.

"Sasa unamsingizia maiti."

"Simsingizii."

"Alikuambia mbele ya nani?"

"Tulikuwa wawili tu, Mama."

"Basi umebaki mmoja."

Kipande kile kiliingia kwenye kabati la vioo la sebuleni, katikati ya miwani ya marehemu na kile kioo chake cha kubana jichoni. Habari ya daktari ikazikwa. Wageni waliochelewa kuja kutoa pole walipewa habari mpya, na Mama alipofika penye breki aliinuka, akafungua kabati, akawapa chuma wakishike. Wengi walikishika kwa vidole viwili. Kisha walimtafuta Mkubwa kwa macho, na kwa kawaida walimpata, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwaletea chai.

Shangazi, dada wa marehemu, ndiye aliyeyasema waziwazi yale ambayo wengine waliyameza na chai yao. "Ndiyo kazi ya kukaa duka la dawa," akasema. "Mtu anazoea kupima. Kidonge hiki robo, kile nusu. Mpaka roho ya baba mtu anaipima na kuona imezidi bei."

"Shangazi, daktari alisema ni moyo."

"Na moyo ulisimama kwa nini?" Mama akadakia kutoka kitini kwake. "Mtu anakanyaga breki, breki inamkatalia, ukuta unakuja. Ulitaka moyo ufanye nini? Ucheke?"

Watu wakaguna. Ilikuwa hoja nzuri, na Mkubwa mwenyewe alisikia jinsi ilivyokuwa nzuri.

Akamfuata Kitinda uani, aliyekuwa amejibanza huko na simu yake. "Wewe unamjua baba. Unajua alivyowasema wale watu. Mwambie Mama."

"Mimi sikuwapo."

"Hukuwapo kwa sababu ulikuwa umelala. Wewe ndiye uliyetakiwa kulipeleka gari siku ile."

Kitinda akaifikiria kauli hiyo bila haraka. "Basi, dada," akasema, "usingizi wangu haukumuua mtu." Hakukusudia ubaya. Alikuwa anajitazama tu, akajiona yuko salama, akafarijika.

Tangu hapo Mama hakumwita Mkubwa kwa jina. Akitaka chumvi aliiomba kwa meza nzima. Akiumwa mgongo, yeye aliyekuwa haendi kuoga bila kusuguliwa na binti yake, alimngoja Shangazi. Mkubwa alipiga moyo konde, akapika, akafua, akaenda kazini, akawahesabia watu vidonge vyao. Alichotaka kilikuwa kidogo: Mama amtazame tena kama alivyomtazama kabla ya droo ile kufunguliwa. Alijua kwamba hilo lingeweza kutoka kinywani mwa mtu mmoja tu, yule aliyeliharibu. Siku alipopata ruhusa kazini, akaenda kwenye kampuni peke yake.

Bwana Tai alikuwa na mteja, mzee mwenye kofia ya sufu, aliyekaa ukingoni mwa kiti kama watu wanavyokaa kwa mwalimu mkuu. Mkubwa akangoja karibu na mashine ya maji. Nyuma ya kioo aliliona gari la mzee yule, la bluu, limesimama kwa magurudumu yake yote, halijainuliwa hata kidogo, fundi mmoja analifuta vioo.

"Hii ndiyo yenyewe," Bwana Tai akasema, akifungua droo. "Tumeitoa jana. Ona, mzee wangu. Chuma juu ya chuma."

"Jana?" mzee akasema. "Lakini gari nimelileta leo."

"Asubuhi, nilitaka kusema. Shika uone."

Mzee akakishika. Mkubwa alihisi maji ya kikombe cha karatasi yakimwagikia mkononi, akagundua kwamba amekifinya. Akaenda moja kwa moja mpaka mezani.

"Ile uliyompa mama yangu ilikuwa ya gari gani?"

Bwana Tai akamwomba mzee akanywe maji kidogo. Kisha akainama mbele, akashusha sauti, na wala hakuonekana kuwa na aibu. "Dada, hicho ni kifaa cha kuelimisha wateja. Mtu haelewi mpaka ashike. Namwonyesha kila mtu. Mama yako tu ndiye aliyeondoka nacho. Ilibidi nitafute kingine."

"Na breki za baba yangu zilikuwaje?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Hatukuzifungua. Gari likishazeeka tunataja breki. Zisipokuwa mbovu leo zitakuwa mbovu baadaye, kwa hiyo si uongo hasa." Akaitengeneza tai yake. "Mzee wako alilijua hilo. Tulikuwa tunataniana."

Mkubwa akabonyeza namba ya nyumbani, akamsogezea simu. "Mwambie Mama hayo hayo. Usipomwambia, nitamwambia yule mzee pale, na kila atakayeingia mlango huu mpaka mtakapofunga."

Bwana Tai akamtazama mzee wa kofia, akapima, akaichukua simu. Tumpe haki yake: alisema yote. Alisema pedi ile ilikuwa ya mfano tu, haikutoka kwenye gari lao, breki za mzee hakuna aliyezigusa, anaomba radhi sana kwa usumbufu. Alisikiliza kidogo, akairudisha simu. "Anakutaka wewe."

"Umempa nini?" Mama akauliza.

"Sijampa kitu, Mama."

"Basi umemtisha. Nakujua."

Hilo lilikuwa kweli.

"Hebu nikuulize," Mama akaendelea, sauti yake tulivu kuliko ilivyowahi kuwa tangu maziko. "Siku ile kijana huyo alipokuambia breki zimekwisha, ulijua anadanganya?"

"Baba alisema..."

"Baba yako mwache alale. Nakuuliza wewe. Ulijua?"

Mkubwa angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi. Lakini alikuwa amezoea kazi ambayo mtu akikosea kipimo mwenzake anakufa. "Sikujua, Mama. Nilimwamini baba."

"Hukujua. Ukalitoa gari, ukampa aendeshe." Simu ikakatika.

Aliporudi nyumbani alimkuta Mama anapangusa kabati la vioo. Chuma kilikuwa mkononi mwake, anakipitishia kitambaa kama vile anavyopangusa miwani. Hawakuwa na mtu mwingine, na labda ndiyo sababu Mama alimtazama, mara ya kwanza kwa kitambo kirefu, macho makavu.

"Nimemsikia kijana wako," akasema. "Sijawa kiziwi."

"Basi kitupe, Mama. Si cha gari la baba. Hata hakijulikani kilitoka wapi."

"Nikitupe, nibaki na nini? Na moyo?" Akakirudisha mahali pake, akakinyoosha kidogo ili kiwe sawa na miwani. "Niliachana naye nikimfokea kwa ajili ya sabuni. Moyo siwezi kuugombeza, mwanangu. Wewe naweza."

Akafunga kabati, akaenda jikoni, akaomba chumvi kwa jiko lisilo na mtu.

Mwezi huo huo Mkubwa alihamia chumba cha kupanga, nyuma ya duka la dawa, chenye dirisha linalotazama mapipa. Kitinda alimbebea kitanda, akakishusha, akasema chumba ni kizuri kwa mtu mmoja.

Gari halikuuzwa. Lilitiwa bampa na taa za mtumba na rejeta mpya, na Mama aliagiza breki zote zibadilishwe. Bwana Tai alisema zimebadilishwa. Kitinda ndiye anayeliendesha sasa. Kila Jumapili humpeleka Mama na Shangazi makaburini, na kiti cha nne huwekwa maua. Mkubwa huenda Jumatatu, akitoka kazini, kwa miguu.