Kipande cha Vitalia

Wajukuu zangu, haya naandika kwa mkono wangu, ingawa shule yangu iliishia la saba, maana nikiwasimulia kwa mdomo nitajipendelea.

Mwezi wa tatu kikundi chetu cha wanawake na vijana hapa Kitura kilipata mteremko wa kulima ngoro. Ngoro mnazijua: wanaume wanafyeka majani na kuyalaza miraba miraba, sisi wanawake tunachimba katikati na kuyafunika kwa udongo, linabaki shimo la kushika maji. Mimi, mwenyekiti, ndiye niliyegawa vipande.

Vitalia, binti wa marehemu kaka yangu, akanyoosha mkono. Mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni, anatembelea fimbo.

"Shangazi, na mimi nipe kipande."

Mnanijua kwa vitendawili. "Kitendawili!" nikasema.

"Tega!"

"Mashimo mia mlimani, mchimbaji ana mguu mmoja."

"Vitalia!" akadakia kijana Urbani, na watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Nami nilicheka. "Wewe utatupikia uji, mwanangu," nikamwambia. Kipande nikampa Urbani, mwenye miguu miwili na pikipiki. Vitalia akajiondokea. Sikumfuata.

Urbani hana mke, na kuchimba ngoro aliona ni kazi ya kike. Akayachoma majani, akapiga matuta ya kushuka na mteremko, haraka haraka, akarudi kubeba abiria. Kipande chake kilikuwa juu kabisa. Mvua ya Aprili ilipopiga siku mbili, maji yakafuata matuta yake kama barabara, yakabomoa ngoro zetu zote za chini. Maharage yakazikwa kwenye tope.

Mwezi wa saba tukawa hatuna hata mbegu. Gaudiosa, katibu wetu, akaniambia, "Mbegu ziko kwa Vitalia. Nenda wewe uliyetega."

Nilimkuta nyuma ya jiko lake, ameketi juu ya gunia, anapepeta maharage mekundu, yaliyoshiba. Pembeni yake ngoro zimejipanga safi kuliko zangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani alikufyekea?"

"Mimi. Na kuchimba mimi. Nilikaa hivi hivi, na jembe la mpini mfupi, nikasogea shimo hadi shimo."

Nikamwomba mbegu za kikundi.

"Mbegu mtapata," akasema bila kuniangalia. "Ila uniombe radhi mbele ya wale waliocheka."

Siku ya mkutano nilisimama. "Nilimdhalilisha mtoto wa kaka yangu ili niwachekeshe. Nikamnyima shamba, na kulima ananishinda. Vitalia, nisamehe, na kipande utapata."

Urbani alikuwa anachora chini kwa kidole cha mguu.

"Nimekusamehe, shangazi," Vitalia akajibu. "Lakini hujasema ni kipande kipi."

Kweli, sikusema. Moyoni nilikuwa nimemtengea kile cha mwisho, chenye mawe, kisichotakiwa na mtu. Hata katika kutubu nilikuwa nampunja.

"Changu," nikasema. "Kile cha karibu na njia."

Gaudiosa akaandika upesi, kabla sijabadili mawazo.