Kofia ya Chuma Mlangoni kwa Bi Ackroyd

Moyo ulimruka Cedric Thwaite hata kabla akili haijamwambia kwa nini. Alikuwa amesimama langoni pa nyumba ya mwisho ya kijiji, mkononi ameshika ramani ya bustani zilizofunguliwa kwa wageni Jumapili ile, na mkewe Doreen kabaki kanisani kwenye meza ya chai na keki. Maua kwake yalikuwa ni mamoja. Alikuja kwa kuburutwa. Lakini kando ya mlango ilining'inia kofia ya chuma ya jeshi, imegeuzwa juu chini, imepakwa rangi nyeupe na kujazwa udongo, petunia za zambarau zimefurika mpaka zimeificha nusu.

Kofia kama hizo hazikuwa ajabu huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Vita ya Hitler ilipokwisha, watu walizigeuza vyungu vya maua, vyombo vya kulishia kuku na ndoo za makaa. Cedric mwenyewe alikuwa amezijaza gerejini, gari likawa linalala nje na mvua inalipiga. Aina moja tu ndiyo ilikuwa imempiga chenga maisha yake yote ya kukusanya, ile ya mwanzo kabisa, ya vita iliyotangulia.

Mwenye nyumba, Edna Ackroyd, ajuza ambaye hakuwahi kuolewa wala kuhama kijiji hicho, alikuwa amekaa kwenye kiti cha turubai akipokea sifa. Kwao, anayeingia bustani ya mtu akaulizia chungu kabla ya maua hana adabu, na mkusanyaji anayeonyesha hamu yake ni mjinga. Kwa hiyo Cedric akasifu petunia, akasifu waridi, akailaumu mvua, akarudi tena kwenye petunia, huku kidole chake kikipapasa ukingo wa ile kofia kana kwamba kimejituma chenyewe.

Ukingo ulikuwa mtupu. Chuma kilikatwa na kuachwa vivyo hivyo, kinakwaruza. Cedric akasahau mvua ilikuwa imekosa nini.

Akaomba aitazame kwa karibu. Bi Edna akamruhusu aiteremshe, akamwambia asijisumbue, ni kofia ya marehemu baba yake tu, aliyekuwa mkuu wa walinzi wa raia dhidi ya mabomu ya ndege kijijini wakati wa Hitler. Ndiyo maana ilikuwa nyeupe, na herufi W nyeusi, ya warden, yaani mlinzi, ingali inaonekana mbele.

"Rangi ni ya vita ya Hitler, mama," Cedric alisema, sauti imeanza kupanda. "Kofia yenyewe siyo. Una sumaku?"

Bi Edna akaingia jikoni, akarudi na sumaku ya kwenye friji yenye picha ya mnara wa Blackpool. Cedric akaibandika kwenye kofia. Ikaanguka. Akaibandika upande wa pili, ikaanguka tena, na safari hii yule mtu mzima akacheka peke yake kama mwehu. Adabu zote za kuficha hamu zilikuwa zimeshakwenda na maji.

Akamweleza mbiombio. Chuma hicho kilichanganywa na madini ya manganizi, na sumaku haikishiki, kwa hiyo si bati la kuigiza. Kofia za vita ya Hitler zilivishwa utepe wa chuma kuzunguka ukingo, na mwaka ukagongwa kwenye kishikizo cha mkanda wa kidevuni. Hii haina utepe, na vishikizo vyake vimefungwa kwa pini iliyopasuliwa miguu. Zilitengenezwa hivyo miezi michache tu, kabla ya wakuu wa jeshi kuamua kwamba ukingo mkali unawakata watu. Mwisho wake ni mwaka wa kumi na sita, katikati ya vita ya kwanza ya dunia.

"Unatetemeka, mwanangu," Bi Edna alisema. "Ichukue basi. Mimi niachie maua yangu tu, nitayatafutia chungu cha plastiki."

Cedric alitaka kumbusu. Akapiga magoti kwenye nyasi bila kujali suruali ya Jumapili, akahamishia petunia kwenye ndoo taratibu, mizizi kwa mizizi, akauchota udongo kwa viganja. Ndani rangi ya zamani ilikuwa bado ipo. Chini ya ukingo, mahali ambapo askari walipenda kukwaruza majina yao kwa ncha ya kisu, akaona mikwaruzo. Akailowesha kwa mate, akaisugua, na kwa furaha aliyokuwa nayo akaisoma kwa sauti.

"W. Ackroyd."

Bi Edna akakaa chini. Kisha akasema jina la baba yake lilikuwa Herbert.

"W ni Wilfred. Baba mkubwa."

Cedric alikuwa amelipita jina hilo asubuhi ile kwenye msalaba wa mashujaa waliokufa vitani, mbele ya kanisa. Bi Edna akamweleza kwamba Wilfred aliondoka kwenda vita hiyo ya kwanza na vijana wote wa kijiji, kikosi kimoja, na hakurudi. Hana kaburi, na mama yake hakuletewa hata kifungo cha koti. Herbert wakati huo alikuwa mtoto, na mpaka anakufa hakuwahi kulitaja jina la kaka yake mezani. Nani aliileta kofia nyumbani, hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

"Kwa hiyo usiku wa mabomu baba aliivaa ya kaka yake," alisema, "na mimi naimwagilia maji miaka yote hii."

Cedric alitazama kitu alichokitafuta ujana wake wote, kikiwa mikononi mwake, kimeshatolewa kwa hiari. Kilimuuma, tusidanganyane. Akamnyooshea.

Bi Edna akatikisa kichwa. Alikuwa ameshatoa neno lake, na yeye si mtu wa kurudisha neno.

"Ulinipa chungu cha maua, mama," Cedric alisema. "Hiki si chungu."

Akaiweka kofia mapajani mwa Bi Edna. Bibi yule akaikumbatia kwa mikono yote miwili, udongo ukimmwagikia kwenye gauni, na mara akaanza kuwaita majirani kwa majina, mmoja baada ya mwingine, waje, waje upesi wamwone Wilfred.

Doreen alimwona mumewe akija mbio kwenye meza ya keki, magoti yamejaa matope, macho mekundu, anacheka.

"Nimeipata," alisema.

"Iko wapi?"

"Kwa wenyewe."