Mabano ya Mjomba

Tangu mjomba afanyiwe upasuaji wa koo, kwaya yake ilikuwa inayumba. Zamani alikuwa akikohoa neno moja tu katikati ya wimbo, "wanaume" au "wanawake", na kila mtu akajua zamu yake. Sasa sauti ilikuwa imebaki pumzi ya kupozea chai tu. Tamasha lilikuwa Jumamosi, na viongozi wa kwaya walishaanza kunong'ona kwamba atafutwe mwalimu mwingine.

Dada yangu, mtengeneza tovuti, akamwambia aandike nyimbo kwenye faili la maandishi tu, na kila sauti aiwekee alama ndani ya mabano: [wanawake] wanapoanza, [/wanawake] wanapoishia. Programu ingesoma alama hizo na kupaka maneno rangi kwenye simu za wanakwaya, wanawake nyekundu, wanaume bluu.

Mjomba akaandika. Alama za kufungua aliziweka sawasawa. Za kufunga alizirundika zote mwisho wa wimbo, kama viatu mlangoni. Kwa kuwa [wanawake] ya kwanza haikufungwa mahali pake, ukurasa ukatoka mwekundu mwanzo hadi mwisho, nikamwambia dada kwamba mabesi wote leo ni akina mama.

Nilidhani atamrudishia mzee faili lake. Wapi. Alikwenda mazoezini, akaketi nyuma, akatazama mikono ya mjomba.

"Akiwanyooshea wanaume, wanawake wananyamaza wenyewe," aliniambia. "Hajawahi kumfunga mtu mdomo. Ameandika vilevile anavyoongoza."

Basi akarekebisha programu, mjomba akamwacha alivyo. Alama mpya ikifunguka, iliyotangulia inajifunga. Zile za mwishoni zinarukwa. Na alama isiyojulikana ionekane kama ilivyo, maana hakutaka neno la mzee lipotee. Mistari michache tu. Mimi ningejaza kurasa za malalamiko.

Jumamosi rangi zilipokezana, na mkono wa mjomba haukuwa na haraka. Wimbo wa mwisho ulipokaribia kuisha, simu zote zikaonyesha: [ahsante mpwa wangu]. Mzee alikuwa ameyaongeza maneno hayo asubuhi ile, akidhani yaliyo ndani ya mabano huyasoma dada peke yake.

Besi mmoja tunayemwita Ngurumo, ambaye huimba chochote anachokiona, akayaimba. Kwaya nzima ikamfuata, na walionong'ona ndio waliopaza sauti zaidi. Mjomba hakuushusha mkono.

Nikamwinamia dada, nikamwambia programu yake ina kasoro.

"Najua," akasema, akijifuta macho. "Usiiguse."